Fasihi linganishi: maana yake na jinsi kazi inavyofanyika

Fasihi linganishi ni taaluma inayochunguza kazi za fasihi kwa kuvuka mipaka: mpaka wa lugha, wa taifa, wa utamaduni, na pengine hata mpaka uliopo kati ya fasihi na sanaa nyingine kama muziki, uchoraji au filamu. Mwanafunzi wa fasihi ya lugha moja huisoma riwaya ndani ya mapokeo yake. Mlinganishi huiweka kando ya nyingine iliyozaliwa kwingine, kwa sababu ana swali ambalo riwaya moja peke yake haiwezi kulijibu. Pasipo swali hilo, kuweka kazi mbili bega kwa bega ni kupanga vitabu kwenye rafu.

Jina lenyewe huwapotosha wengi mwanzoni. Hudhani kazi yote ni kuorodhesha mifanano upande huu na tofauti upande ule. Lakini mifanano haikosekani popote: kila tamthilia ina mgogoro, kila riwaya ina wahusika, na hakuna fasihi isiyogusa mapenzi na kifo. Anayeandika kwamba riwaya mbili "zote zinazungumzia dhuluma" bado hajasema kitu. Uchambuzi huanza pale mfanano unapodai maelezo. Kwa nini kazi hizi zinafanana ilhali waandishi wake hawakuwahi kusomana? Au kinyume chake, kwa nini zimeachana hivi ilhali moja imechota kwa nyingine?

Swali la kuchota ndilo kongwe zaidi katika taaluma hii. Wataalamu wa Ufaransa, akiwamo Paul Van Tieghem aliyetoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1931, waliijenga fasihi linganishi juu ya athari: nani alimsoma nani, kwa tafsiri gani, na alichosoma kilitokea wapi katika maandishi yake. Njia hii inataka ushahidi kama wa mahakamani.

Chukua Goethe, mwandishi wa Kijerumani, na Hafez. Hafez alikuwa mshairi wa Shiraz, Uajemi, wa karne ya 14. Mwaka 1814 Goethe alianza kusoma tafsiri ya Kijerumani ya diwani ya Hafez iliyofanywa na Joseph von Hammer, na mwaka 1819 akachapisha diwani yake mwenyewe ambamo Hafez anatajwa kwa jina na kupewa sehemu nzima. Athari ipo, haina ubishi. Hata hivyo, Hafez aliyemfikia Goethe ni Hafez wa Hammer. Mnyororo una pete tatu, na mtafiti anayeruka pete ya katikati huharibu hoja yote. Akikuta taswira fulani kwa Hafez na kwa Goethe, lazima afungue kwanza tafsiri ya Hammer aone kama taswira hiyo imo. Ikiwa haimo, ama Goethe aliipata kwa njia nyingine, ama mfanano huo ni wa bahati. Goethe huyuhuyo, mwaka 1827, alimwambia katibu wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya ulimwengu zinakaribia, na mpaka leo kozi nyingi za taaluma hii huanzia hapo.

Mwaka 1958, kwenye kongamano la Chapel Hill nchini Marekani, mhakiki René Wellek aliishambulia njia ya athari. Aliona imegeuka uwekaji wa hesabu za madeni kati ya mataifa, kila mtafiti akitafuta sifa kwa nchi yake, huku matini zenyewe zikisahaulika. Miaka 3 baadaye mtaalamu mwingine, Henry Remak, alipendekeza maana pana iliyoruhusu kulinganisha kazi zisizo na uhusiano wowote wa kihistoria, na pia fasihi na nyanja nyingine za maarifa. Tangu hapo mlinganishi ana uhuru mkubwa zaidi, na hatari kubwa zaidi. Katika athari, mnyororo wa ushahidi ndio unaombana mtafiti. Katika ulinganifu usio na mawasiliano hakuna kinachombana ila msingi wa ulinganishi anaouweka yeye mwenyewe.

Msingi wa ulinganishi ni kile kitu cha tatu ambacho kazi zote mbili zinapimwa kwacho. Usipoutaja, hautakosekana, utaingia kinyemela, na kwa kawaida utakuwa ule wa mapokeo yenye nguvu zaidi. Hili ndilo kosa zito kuliko yote katika taaluma hii. Mwaka 1970 mtafiti Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alieleza kwamba utendi, kwa maana ya shairi refu la kisimulizi, una nafasi ndogo katika fasihi simulizi ya bara hilo. Rula yake ilidai ushairi. Wakati huo utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ulikuwa umeshachapishwa, mwaka 1969, nao husimuliwa kwa nathari inayopokezana na nyimbo. Kwa rula ile hauingii. Mtaalamu Isidore Okpewho, katika kitabu chake cha 1979, aliubadilisha msingi: alianzia kwenye utendaji wenyewe, yaani fanani (msanii anayesimulia), hadhira, muziki na namna kisa kinavyojengwa papo hapo, na tendi za Afrika zikaonekana wazi. Kazi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni swali.

Wasiwasi huohuo ndio uliowasukuma Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, mwaka 1968 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kupendekeza idara ya Kiingereza ivunjwe. Waliuliza kwa nini fasihi ya utamaduni mmoja iwe kitovu na nyingine zote zipimwe kwa umbali wake kutoka hapo. Mwanafunzi anayeandika kwamba kazi fulani "bado haijafikia" kiwango cha tanzu za Ulaya anarudi palepale, hata kama hakukusudia.

Mfano mdogo wa fani unaonyesha jinsi ya kuuweka msingi vizuri. Haiku, shairi fupi la Kijapani, huelezwa kuwa na silabi 5, 7 na 5. Kinachohesabiwa hasa ni on, kipande cha sauti chenye muda mmoja. Neno Nippon lina on 4: ni, mkazo wa p, po, na n ya mwisho. Sikio lililozoea Kiingereza husikia silabi 2 tu. Mjuzi wa arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) ya Kiswahili yuko karibu zaidi, kwa kuwa katika mizani m ya mtu na n ya nchi huhesabiwa kila moja peke yake, na kaa ni mizani 2. Ukaribu huu unavutia, lakini ukiishia kusema "zote huhesabu sauti", umeishia mlangoni. Endelea: mgawanyo unafanya nini ndani ya shairi? Katika shairi la mizani 16, kituo huangukia baada ya mizani 8, kati ya ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo), na kina cha kati hukitia alama. Kituo hicho hurudi mshororo baada ya mshororo, sauti ikifungwa na kuunganishwa. Katika haiku ya kimapokeo kituo kikuu huwa kimoja, mara nyingi mwishoni mwa kipande cha kwanza au cha pili, kikitiwa alama na neno la kukatia kama ya, na kazi yake ni kutenganisha taswira mbili ili msomaji aziunge mwenyewe. Sasa pana swali la utafiti: kituo kinaweza kuunga na kinaweza kukata, na ni nini katika namna ya kuwasilisha shairi, kwa kuimba au kwa kusoma, kinachoamua? Msingi hapa ni kazi ya kituo. Hakuna upande unaopimwa kwa rula ya mwenzake.

Lugha haiepukiki. Programu nyingi za uzamili na uzamivu hudai mwanafunzi asome angalau kazi mojawapo katika lugha asilia mbali na lugha yake, na dai hilo lina sababu. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu cha Kiajemi hakionyeshi jinsia, kama yeye ya Kiswahili. Mfasiri wa Kiingereza wa ghazali, yaani mashairi ya mapenzi ya Kiajemi, hulazimika kuchagua mwanamume au mwanamke. Mtafiti anayezisoma kupitia Kiingereza, kisha akaandika ukurasa mzima kuhusu sura ya mwanamke katika ghazali hizo, huenda anachambua uamuzi wa mfasiri. Usipoijua lugha ya asili, pata tafsiri mbili za watu tofauti na ulinganishe vifungu unavyovinukuu. Zinapoachana, usijenge hoja juu ya neno hilo kabla ya kumuuliza anayeijua lugha. Kubali pia kwamba baadhi ya hoja zimefungwa kwako: huwezi kuzungumzia vina, mdundo wala mchezo wa maneno ukiwa na tafsiri pekee, lakini muundo wa kisa, mpangilio wa wakati na mtazamo wa msimulizi huhimili tafsiri vizuri zaidi.

Katika kuandika tasnifu, kazi 2 zinatosha kwa shahada ya kwanza, na 3 ni nyingi tayari. Anayechukua riwaya 6 huishia kusimulia njama 6. Teua vifungu 6 hadi 10 kutoka kila kazi, vipange kwenye jedwali kwa kufuata swali lako, na uangalie ni wapi safu moja inabaki tupu. Utupu huo mara nyingi ni ugunduzi mkubwa kuliko mfanano wowote.

Mpangilio wa sura huwaangusha wengi zaidi. Kawaida ni sura ya pili kwa kazi ya kwanza, sura ya tatu kwa kazi ya pili, halafu kurasa 5 za "ulinganisho" mwishoni, wakati nguvu na muda vimekwisha. Panga sura kwa masuala, na katika kila suala kazi zote mbili ziwepo, hata ndani ya aya moja. Aya ikisimama vizuri bila kazi ya pili kutajwa, uliza kama ina nafasi katika tasnifu hii au ni ya tasnifu nyingine.

Na upime uzito wa pande mbili kabla ya kuwasilisha. Dalili ya kwamba mizani imelala ni orodha ya wahakiki: upande mmoja 20, upande wa pili 2, na hao 2 wote wanatazama kutoka nje ya mapokeo hayo. Tafuta walioandika kutoka ndani, kwa lugha ya kazi yenyewe ikiwezekana, maana mara nyingi wana istilahi zao za kuitaja kazi, na istilahi hizo zikiingia kwenye tasnifu hubadilisha hata namna unavyoisoma kazi ya upande wa pili.