Seli za kitunguu hazijalala

Juni hapa Mbeya baridi haina adabu, na safari hii iliniharibia pratikali. Nilikuwa nimeotesha vitunguu maji nilivyonunua Mwanjelwa: kila kimoja mdomoni mwa glasi, kimeshikiliwa na vijiti vya meno, kitako kikigusa maji kidogo. Nikaviacha dirishani. Siku ya nne mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu za jana.

Tukakata hivyo hivyo milimita 2 za ncha, maana huko ndiko seli zinakogawanyika. Ukipanda juu unakuta zinarefuka tu. Tukalainisha kwa asidi hidrokloriki ya vuguvugu, tukatia rangi ya asetokamini, tukafunika kwa kioo na kubonyeza kwa kidole gumba. Binti mmoja wa kidato cha tano akachungulia hadubini.

"Madam, mbona zote zimelala?"

Si kosa lake. Hata vitabu vya zamani vilikiita kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, intafezi, hatua ya mapumziko. Mapumziko gani! Hapo ndipo seli inapokua, inaponakili DNA yake yote na kukagua kama nakala ziko sawa. Seli za binadamu zinazokuzwa maabara huzunguka kwa saa 24 hivi; kunakili huchukua saa 6 hadi 8, mitosisi, yaani kugawanyika kwenyewe, kama saa 1. Pita shamba la viazi Umalila wakati wa kuvuna: wengi utawakuta wanachimba na kujaza magunia, mmoja au wawili wanashona lumbesa. Kushona hakuchukui muda. Kwa hiyo ukihesabu seli 100 ukakuta 8 tu zinagawanyika, tayari umepata fununu ya muda.

Hata hivyo zetu zilizokuwa zinagawanyika zilikuwa chache kupita kiasi. Mzizi usiokua hauna cha kukuonyesha. Nikabeba vitunguu vingine nyumbani, nikaviweka jikoni, karibu na jiko la mkaa lakini si karibu sana.

Wiki iliyofuata tukaziona. Seli ya kitunguu ina kromosomu 16, yaani vifurushi vya DNA, na zikishajikunja huonekana kama vipande vya uzi; ndiyo maana Flemming, mwaka 1882, aliuita mgawanyiko huu mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki la uzi. Kwenye metafezi zimejipanga katikati, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizogandana, na kila kromatidi imenaswa na nyuzi za kuvuta za upande wake. Hapa ndipo ninapopapenda. Kromosomu moja tu ikiwa haijanaswa sawasawa, hutoa ishara ya kuzuia, na zile 15 zilizo tayari zinaisubiri. Ikinaswa, gundi inakatwa na kromatidi zote zinaachana karibu kwa pamoja. Hiyo ni anafezi. Kwa muda huo mfupi seli moja ina kromosomu 32, si 16, na kila mwaka kuna wanaopoteza maksi hapo.

Kisha viini viwili vinajifunga, na ukuta mpya unajengwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Seli ya mnyama haina ukuta, yenyewe hujibana kiunoni.

Yule binti alipata anafezi yake karibu na ukingo wa slaidi, pande mbili zimeachana kama vidole vya mikono miwili inayovutana. Hakusema kitu. Alikaa pale mpaka wenzake wakaanza kulalamika kwamba foleni haisogei.