Pembetatu iliyo chini ya chupa inasema nini?

Wengi huamini kwamba chombo cha plastiki chenye alama ya mishale mitatu iliyounda pembetatu lazima kitarejelezwa. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana mishale yenyewe inazunguka. Lakini alama hiyo, iliyoanzia Marekani mwaka 1988, hutaja aina ya plastiki tu, kwa namba iliyo ndani yake.

Geuza chupa ya maji utazame kitako: mara nyingi utakuta 1, plastiki yenye soko. Kikombe chepesi cha povu huwa na 6, na hicho wanunuzi wengi wa taka hukikataa. Namba 7 ni kapu la “nyinginezo”.

Ukitaka uhakika, muulize anayekusanya taka mtaani kwenu: huchukua namba zipi, na je, vyombo vioshwe kwanza?