Mama akiuliza mbuzi wako wapi

Jioni moja nilimtembelea bibi mmoja, mgonjwa wangu, huko Chamwino. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akajifunga kanga ya pili, akashika fimbo. "Mbuzi hawajarudi."

"Mama, mbuzi si tulishawauza zamani?" mwanawe akamjibu. Bibi akafoka, kisha akalia.

Mkwewe akasogea. "Ni wangapi leo, mama?" Wakatoka pamoja, wakazunguka zizi tupu, bibi akisimulia alivyochunga akiwa msichana. Waliporudi alikaa akala ugali wake wa uwele kwa mlenda.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na hicho alichofanya mkwe ndicho ninachowafundisha ndugu. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia (hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya utotoni hudumu zaidi. Ukimwambia mbuzi waliuzwa, habari hiyo haina pa kukaa. Mjane anayemuulizia mumewe, kila ukimwambia "baba alishafariki" unamfiwisha upya. Mwambie, "Umemkumbuka, eeh? Hebu nisimulie habari zake." Wengine wanahofu kwamba huko ni kudanganya. Mimi sioni hivyo. Unajibu uchungu alio nao.

Jioni ndiyo ngumu zaidi: amechoka, na vivuli vinamtisha. Washeni taa kabla giza halijaingia. Akiona mgeni ndani ya kioo, kifunikeni.

Hili sasa nalisema kwa msisitizo. Kwa kawaida demensia huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu, Jumatano hawajui wanawe au anaona wadudu ukutani, msiseme uzee umezidi. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, dawa mpya, au kukosa maji tu. Kiangazi chetu cha Dodoma ni kirefu, na wazee husahau kunywa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mbebe dawa zake zote.

Na waambieni majirani mapema, kabla minong'ono ya uchawi haijaanza kwa sababu mzee ameonekana nje usiku. Kwa yule bibi, nyumba tatu za jirani zinajua. Wakimkuta njiani na fimbo yake, wanamuuliza habari za mbuzi, halafu wanarudi naye nyumbani.