Uwanja wa kanisa wenye maua na popo, anzeni na njia ya kupita

Mimi ni mtu wa mimea na wadudu, na makanisa yakiniita niwashauri kuhusu viwanja vyao swali la wazee wa kanisa ni lilelile, tukiacha nyasi zikue si watu watasema tumetelekeza? Nawaelewa kabisa. Mtu kaja kwenye kaburi la mama yake anakuta nyasi kiunoni, ana haki ya kukasirika.

Ndo maana naanza na njia. Fyekeni njia inayopitisha kiti cha magurudumu, toka getini hadi mlangoni na hadi kwenye makaburi yanayotembelewa, muiweke safi mwaka mzima. Hapo hata mkiacha nyasi zikue pembeni kila anayepita anaona pana mtu anapatunza.

Na huko pembeni ndo penye utajiri. Viwanja vingi vya makanisa ya zamani havijalimwa wala kuwekwa mbolea miaka na miaka, udongo wake hafifu na maua mengi ya porini yanapenda hivo, manake rutuba ikizidi nyasi zenye nguvu zinapanda zinayafunika. Kwa hiyo subirini maua yadondoshe mbegu ndo mfyeke, mara 1 au 2 kwa mwaka, na mlichokata MKITOE jamani, kikiozea palepale mmeshaweka mbolea. Kirundikeni kwenye kona, mijusi na vyura watahamia.

Mawe ya makaburi msiyasugue. Yale madoa ya kijivu na njano ni viumbe hai, kuvu na mwani wameungana, mengi yanatanuka milimita chache tu kwa mwaka au hata chini ya hapo, yaani brashi ya dakika moja inafuta kazi ya miongo. Dawa ya magugu nayo acheni, aina nyingi za nyuki haziishi kwenye mizinga, jike anachimba kashimo kake mwenyewe kwenye udongo ulio wazi.

Popo wakiwa darini msizibe matundu kabla ya kuuliza, Uingereza kwa mfano ni kosa kisheria kuharibu makao yao hata kama wenyewe hawapo. Taa za nje zimulike chini, zizimwe ibada ikiisha.

Halafu wekeni benchi penye kivuli, na kibao getini kieleze kwa nini nyasi zimeachwa na zitafyekwa mwezi gani. Huo mwezi msisahau kuuandika, malalamiko mengi yanaishia hapo.