"Eneo Muhimu kwa Ndege" maana yake nini hasa?

Kutoka Malindi mjini hadi daraja la Sabaki si safari ndefu kwa bodaboda. Kijana aliyenipeleka asubuhi moja ya Januari aliiona darubini imening'inia shingoni mwangu, akauliza, "Ami, kwani huko mlangoni mwa mto kuna nini?" Nikamwambia, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, kwamba ni eneo muhimu kwa ndege. Akaendesha kidogo, kisha akageuza shingo: "Muhimu, kasema nani?"

Tulifika kabla sijapata la kumjibu. Jibu lenyewe haliwezi kusemwa juu ya pikipiki, ndiyo maana nimeliandika.

Eneo Muhimu kwa Ndege ni jina la kitaalamu, si sifa. Mtu akisema Lamu ni pazuri anasifu, na mwingine ana haki ya kubisha. Lakini mahali hapaitwi Eneo Muhimu kwa Ndege mpaka pamepimwa kwa vigezo vinavyotumika dunia nzima na kuonekana pamefikia kiwango. Vigezo hivyo ni vya mtandao wa mashirika ambao leo unaitwa BirdLife International. Kazi ilianzia Ulaya miaka ya 1980, ikasambaa, na sasa maeneo yaliyoorodheshwa duniani yamepita 13,000. Orodha ya Kenya ilichapishwa 1999 ikiwa na maeneo 60, na mengine yakaongezwa baadaye. Anayeishika orodha hiyo hapa nchini ni shirika la Nature Kenya, ambalo kwa umri linaipita nchi yenyewe, kwa kuwa asili yake ni chama cha wapenda viumbe kilichoanzishwa 1909.

Vigezo ni vinne, na mahali pakitimiza kimoja tu, pameingia. Kigezo cha kwanza ni kuwepo kwa ndege ambaye dunia nzima yuko hatarini kutoweka. Cha pili ni kuwepo kwa ndege ambaye eneo lake lote la kuishi, popote alipo duniani, halifiki kilomita za mraba 50,000. Badala ya kuvieleza kwa maneno makavu nitamtaja ndege mmoja ambaye anavitimiza vyote viwili, naye ni wa kwetu.

Ni mnana wa Clarke. Minana wa kawaida kila mtu anawajua: wanasuka viota vyao juu ya mnazi au mkwaju karibu na nyumba, wanapiga kelele tangu alfajiri, na mwenye mnazi anawalaani kwa kumchania makuti. Huyu wa Clarke hana tabia hiyo. Dume ni mweusi kichwani na kifuani, tumbo la manjano, na huzunguka kwa makundi juu kabisa ya miti ya mirihi. Duniani kote anaishi kaunti moja, Kilifi, na ndani ya kaunti hiyo ni msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha, basi. Wanasayansi walimpa jina 1913. Kuanzia hapo wakakaa karibu miaka 100 bila kujua anataga wapi. Walimwona anakula, walimwona anaruka na makinda wakubwa, lakini kiota hawakukiona. Kilipatikana Machi 2013, na hakikuwa msituni kabisa. Kilikuwa kwenye majani ya kinamasi cha msimu huko Dakatcha, penye maji wakati wa mvua na pakavu miezi mingine, mahali ambapo mtu angepita akidhani ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa Dakatcha kilikuwemo katika msako huo.

Naona habari hii inaeleza dhana yenyewe kuliko ufafanuzi wowote. Kama mpaka wa hifadhi ungechorwa kwa kufuata miti mizuri peke yake, ndege huyu angelindiwa jikoni akanyimwa chumba cha kuzalia.

Jirani yake ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake ni sentimita 16 au 17 hivi. Ukimpata mmoja wa kijivu, mwingine wa kahawia na wa tatu mwekundu kama kutu, usidhani ni aina tatu. Alielezwa kisayansi 1966, na nje ya pwani yetu anajulikana chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Huyu ana tatizo la ziada ambalo halimo katika vitabu vya vigezo: ni bundi. Pwani hii bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa, na watoto huokota mawe. Kilichomsaidia huyu wa Sokoke, kwa maoni yangu, si mahubiri. Ni kwamba wanaowaongoza wageni msituni, wana wa vijiji vya kando ya msitu, wanajua kila siku amelala kichaka gani, na mgeni hulipa ili aonyeshwe. Bundi anayemlipia mtoto karo hawezi kuwa mchawi mno.

Kigezo cha tatu nitakipita haraka. Kinahusu ndege wa ukanda mmoja wa mimea, kwa mfano wale wa misitu ya pwani inayoanza kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Arabuko-Sokoke, yenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndicho kipande kikubwa kabisa cha msitu huo kilichosalia Afrika Mashariki kikiwa kimeshikana.

Cha nne ndicho kilichonipeleka Sabaki. Hiki hakiulizi kama ndege ni adimu, kinauliza kama wanakusanyika. Mahali penye asilimia 1 au zaidi ya ndege wote wa aina fulani, au penye ndege wa majini 20,000 kwa mara moja, pamefaulu. Hori ya Mida, kule Watamu, na mlango wa Sabaki huhesabiwa kwa macho haya. Kaskazi inapoanza, matope ya Mida hujaa ndege wadogo wenye miguu mirefu waliotoka Siberia na nyanda za juu za Asia ya kati, ambao Aprili watarudi walikotoka. Pamoja nao yupo yule mweusi kwa mweupe, mdomo mnene kama koleo, anayekula kaa. Huyo hatagi hapa. Huenda pwani za Somalia na Uarabuni, akachimba shimo mchangani kama kaa anaowala. Kusi ikishika, Sabaki hupata mgeni wa upande mwingine, ndege wa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, arukaye kwa mabawa marefu kama mbayuwayu.

Hapa kuna jambo ambalo huwa linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Malindi tunaulalamikia sana mto huu. Mvua zikinyesha huko juu bahari yetu inageuka nyekundu, watalii wananuna, na matumbawe yanafunikwa na tope. Udongo huo ni wa mashamba ya bara, umemomonyoka ukateremka na Athi, ukaitwa Galana, ukatufikia ukiwa Sabaki. Sasa matope hayohayo ndiyo yaliyoujaza mlango wa mto na kufanya sahani kubwa ya minyoo na kaa, na ndege wa mbali wakaijua. Hasara ya samaki wa miambani imekuwa karamu ya ndege wa matopeni. Mtu akikwambia mazingira ni mepesi kuyaamulia, mpeleke pale darajani wakati wa masika.

Nirudi kwa swali la kijana. Wengi wakishasikia jina hili wanadhani ni sawa na hifadhi ya serikali: kuna mpaka, kuna askari, kuna faini. Sivyo. Jina hili halina sheria nyuma yake. Linasema tu kwamba hapa pamepimwa pakafaulu, na kulinda ni shughuli nyingine. Yatazame maeneo yetu ya Kilifi uone tofauti. Arabuko-Sokoke ni msitu uliotangazwa kisheria, una walinzi wa misitu na wa wanyamapori, na bado miti ya muhuhu inakatwa usiku na nyaya za mitego zinaokotwa kila doria. Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa 1968. Mlango wa Sabaki haumo ndani ya hifadhi yoyote ya aina hiyo. Dakatcha nayo, kaskazini ya mto, ni nchi ya watu: wamo wenye mashamba, wenye mbuzi, wenye makaburi ya mababu. Yote yanabeba jina moja, lakini mwenye kukata mti Arabuko anavunja sheria waziwazi, na mwenye kukata wa kwake Dakatcha mara nyingi anaona anatumia mali yake.

Kwa hiyo hatari kubwa iko Dakatcha, na haina sura ya jangili. Ina sura ya gunia la mkaa kando ya barabara ya Marafa, ambalo mimi na wewe tunalinunua mjini bila kuuliza mti. Ina sura ya shamba la mananasi ya biashara lililofyekwa ghafla. Na miaka michache kabla ya 2012 ilikuja na sura ya kampuni kutoka ng'ambo iliyotaka hekta 50,000 za kupanda jatrofa, mbono kaburi, mafuta yakaendeshe mitambo Ulaya kwa jina la nishati safi. Wenyeji waligawanyika, maana waliahidiwa kazi, na kazi si kitu cha kudharau Magarini, sehemu ya Kilifi iliyo na Dakatcha. Hapo ndipo lile jina lisilo na askari lilipoonyesha kazi yake. Kwa sababu Dakatcha ilikuwa tayari kwenye orodha, kulikuwa na kumbukumbu za nani anaishi kule na idadi gani, na mashirika ya Kenya na ya Uingereza yalikuwa na pa kuanzia. Mwaka 2011 yalitoa utafiti ulioonyesha kwamba, ukihesabu mapori yatakayofyekwa, mafuta yale yangetoa hewa chafu mara 2.5 hadi 6 kuliko mafuta ya kawaida ya petroli. Mpango haukupita. Kinamasi cha mnana wa Clarke kilikuja kugunduliwa baada ya hapo. Fikiria kama trekta lingetangulia.

Wanaofanya kazi hii si wengi na wengi wao si wageni. Kwa utaratibu wa Nature Kenya, kila eneo linatafutiwa kikundi cha wenyeji kinacholiangalia: wanajaza fomu za mabadiliko, wanahesabu ndege, wanaripoti mti ulioanguka na mtego uliotegwa, na pembeni wanafuga nyuki au kuotesha miche ili siku iingize kitu. Gede kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993, ambapo watu wa kando ya Arabuko hufuga viwavi vya vipepeo, na pupa wao, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, husafirishwa nje kwa ndege, ndege ya chuma safari hii. Watamu kuna shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Wao huwavisha ndege pete miguuni, huhesabu wa Mida na Sabaki, wamenunua vipande vya ardhi Dakatcha ili visifyekwe, na fedha za wageni wanaotembea kwenye daraja la mbao juu ya mikoko ya Mida husaidia kulipia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu na hori.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya saa za maji. Yakikupwa ndege hutawanyika matopeni, huwezi. Unangoja bamvua, maji yajae, ndege wasukumwe wote kwenye kipande kidogo kilichobaki kikavu, ndipo mmoja anatazama kwa darubini ya miguu mitatu na mwingine anaandika. Mvuvi mmoja akikatiza na mtumbwi, wote wanaruka, mnaanza upya. Hakuna haja ya kumgombeza, njia ni yake tangu zamani.

Lamu pia wamo. Visiwa vidogo vya hifadhi ya bahari ya Kiunga vimeingia kwenye orodha kwa ajili ya ndege wa baharini wanaotaga juu ya mawe wakati wa kusi. Hatari yao ni rahisi kueleza: mayai yako wazi juu ya jiwe, na anayetia nanga hapo kusubiri upepo utulie huwa na njaa.

Kuna jina jipya pia utakalolisikia: Eneo Muhimu la Bioanuwai. Kiwango chake kilikubaliwa 2016 na kinachanganya viumbe wote, samaki, mimea na mijusi, si ndege pekee. Maeneo mengi ya zamani ya ndege yamehamishiwa humo. Ukiona karatasi mbili zinaliita pori moja kwa majina mawili, usidhani kuna ugomvi.

Huenda unasoma haya ukiwa Marafa au Adu na unajiuliza kama shamba lako limo. Mstari wa Dakatcha uliwafuata ndege na miti, haukufuata lokesheni wala boma la mtu, kwa hiyo inawezekana limo na hukuwahi kuambiwa. Ramani ziko wazi kwenye tovuti ya BirdLife, na watu wa kikundi cha Dakatcha watakuonyesha kwa kidole. Hati yako ya shamba haibadiliki hata herufi moja.