Lebo za makopo ya jikoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Jikoni kwangu najua kila kitu kilipo, lebo za nini?" Hii naisikia kuliko zote. Unajua wewe. Siku ukilala na homa, anayeingia jikoni ni mwingine. Mimi yalinikuta: nilikuwa kitandani, binti yangu akasema leo maandazi atapika yeye. Kabatini mlikuwa na chupa mbili za jamu zinazofanana kama mapacha, kila moja ina unga mweupe laini. Moja beking pauda, moja magadi soda. Akachota vijiko viwili vya chai. Maandazi yakawa ya kahawia nje huku ndani bado mabichi, na ukiyatafuna unapata ladha ya sabuni. Magadi soda ina nguvu karibu mara 3 ya beking pauda, kwa hiyo alizidisha bila kujua. Mtoto hakukosea, kosa lilikuwa la mwenye chupa.

"Ukiwa na shaka, nusa au onja kidogo." Kwa iliki na mdalasini, sawa. Lakini kostiki ya kutengenezea sabuni ni nyeupe pia, nayo inaunguza ulimi na koo. Hapa naomba nisikilizwe vizuri: mafuta ya taa, kostiki na dawa ya panya havitiwi kabisa kwenye chupa ya soda wala kopo la chakula, hata ukiandika kwa herufi nyekundu. Mtoto wa miaka 2 hasomi. Anaona chupa ya soda, anakunywa. Na ikitokea amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

"Andika 'bizari', inatosha." Bizari ipi? Kuna ya manjano, kuna ya mchuzi, kuna nyembamba ya pilau ambayo Zanzibar huitwa uzile. Uzile na shamari ndio huchanganywa zaidi: uzile ni mwembamba wa hudhurungi, shamari ni nene kidogo na ina ukijani. Andika jina linalotamkwa nyumbani kwenu, si lile la kwenye pakiti.

Wengine wanadhani lebo inayodumu lazima iwe ya kununua. Karatasi ya daftari inatosha, na gundi unaipika mwenyewe: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka uji uwe mzito. Ukipoa, paka mwembamba nyuma ya karatasi, bandika kwenye kioo kikavu, kisha lainisha kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Siku ukitaka kuibandua, maji ya vuguvugu yanatosha. Futa uji uliotokeza kingoni, maana mende wanaupenda. Kwenye plastiki gundi hii haishiki vizuri. Huko tumia selotepu tu.

"Maka peni haifutiki." Kwenye karatasi, ndiyo. Ukiandika moja kwa moja juu ya kioo, mikono yenye mafuta na sabuni vinaifuta taratibu. Wino wa maji nao unachuruzika tone la kwanza likidondoka. Ajabu ni kwamba penseli ya kawaida haichuruziki. Ukifunika kwa selotepu, ipite karatasi kwa nusu sentimita kila upande, kwa sababu maji huingilia ukingoni.

Kuhusu kubandika kwenye kifuniko: vifuniko hubadilishana siku ya kuosha. Bandika ubavuni.

La mwisho ni tarehe, ambayo wengi huona ni ya vitu vya dukani tu. Viungo vizima hukaa na harufu yake mwaka na zaidi. Vikisagwa, mafuta yanayobeba harufu huanza kuruka na baada ya miezi michache unatia vijiko viwili pale palipohitaji kimoja. Kwa hiyo andika siku uliyosaga. Na usimimine vipya juu ya vya zamani: maliza, osha, anika hadi kopo likauke kabisa, ndipo ujaze. Chupa yangu ya uzile ina tarehe nne zilizokatwa kwa penseli, moja chini ya nyingine, na nafasi imebaki ya moja tu.