Kimeo si mafindofindo

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala ya Buhongwa, nimebanwa kati ya dirisha na ndoo ya dagaa, mama mmoja akawa anamweleza mwenzake kuwa mjukuu wake katoka hospitali kukatwa kimeo. Mwenzake akashtuka: "Kimeo? Hospitali nao siku hizi wanakata kimeo?" Yule bibi akajibu kwa uhakika wote: "Ee mayu, wamempiga nusukaputi, wamekata vyote viwili."

Vyote viwili! Binadamu ana kimeo kimoja. Nilinyamaza kwa sababu ya ile ndoo, lakini hii ni mara ya kumi sijui ya ishirini nasikia maneno haya yakichanganywa.

Simama mbele ya kioo, achama, sema "aaa". Kile kinyama kinachoning'inia katikati, kwenye ncha ya kaakaa laini, ndicho kimeo. Yale mawili ya pembeni, moja kulia na jingine kushoto, yamejibanza nyuma ya kingo za koo, ndiyo mafindofindo, ambayo mtaani tunayaita tonsesi. Kazi yao ni ya ulinzi: yanapambana na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua. Kwa mtoto huwa makubwa, kisha hupungua kadiri anavyokua. Maana ndiyo hiyo. Linaloniudhi ni majina.

Kimeo kina majina matatu kwa uchache, na kila moja linakitazama kwa jicho lake. Kuna kilimi, yaani ulimi mdogo. Jina la mtu aliyechungulia tu akataja alichokiona. Kuna kidakatonge, ninalolipenda kuliko yote, maana linakipa kazi: kinasimama mlangoni kudaka tonge. Na kazi kweli ipo. Ukimeza, kaakaa laini huinuka pamoja na kimeo chake na kuziba njia ya puani, ndiyo maana uji haukutokei puani. Halafu kuna kimeo chenyewe. Wengi wanasikia ndani yake kumea, kana kwamba ni kitu kilichoota kooni bila kualikwa. Sikio langu mimi linasikia umio na kumeza, ukoo uleule wa mambo ya koo. Lakini sikio la mtaa limeshinda, na sasa simu isiyokaa na chaji ni kimeo, pikipiki ya kusukuma asubuhi ni kimeo, hata mkopo usiolipika ni kimeo. Ukishaliita jambo kimeo, umeshalihukumu. Nani atakionea huruma kiungo chenye jina kama hilo?

Ndipo wanapopata kazi wakata vimeo. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, anatapika, hanyonyi vizuri. Bibi anamwachamisha, anaona kimeo, anasema kimerefuka, kinagusa ulimi, kikatwe. Kikohozi chenyewe kinaweza kuwa nimonia, kinaweza kuwa kifua kikuu, na siku zinapotea wakati kidonda kinauguzwa. Watoto wamevuja damu nyingi kwa ajili ya hilo, na kisu kisichochemshwa huleta pepopunda na maambukizi mengine. Kwa hiyo mtu akisema mjukuu wangu kakatwa kimeo hospitali, bila kujua anawapa wale wakataji cheti cha udaktari: kumbe hata hospitali ya Bugando wanakata! Hawakati kwa sababu ya kikohozi, mama yangu. Wanachotoa ni kingine.

Ila kwa haki, mchanganyiko huu hata madaktari wana historia nao. Philip Syng Physick, daktari mpasuaji wa Philadelphia kule Marekani, mwaka 1828 alitaka kifaa cha kukata mafindofindo kwa haraka. Nusukaputi ilikuwa haijaanza kutumika, mgonjwa anakutazama. Alichofanya ni kuchukua kifaa kilichokuwa kimebuniwa kukata kimeo, akakirekebisha. Kikaitwa gilotini, kama ile mashine ya Wafaransa ya kukata vichwa: kitanzi kinavishwa kwenye findo, kisu kinasukumwa, basi. Kwa miaka themanini na zaidi hicho ndicho kilikuwa kifaa cha kazi.

Sasa angalia kitenzi. Gilotini ilikuwa inakata, haitoi. Ilipunguza kinachojitokeza, mzizi ukabaki, na mara nyingine findo likaota tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji wakabadili mawazo. Mwaka 1909 George Ernest Waugh wa London alieleza namna ya kulichambua findo polepole, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, mpaka linatoka zima na ganda lake. Tangu hapo neno sahihi likawa kutoa. Kwa hiyo hata ukiacha kimeo pembeni, bado "wamekata" na "wametoa" ni upasuaji wa aina mbili, na mtoto aliyefanyiwa mmoja hakufanyiwa mwingine.

Wakishaweza kutoa vizuri, wakatoa mno. Kulikuwa na imani kwamba findo lenye vijidudu linasambaza ugonjwa hadi kwenye viungo na figo, hivyo likaonekana ni mzigo wa kutupwa. Utafiti uliotolewa mwaka 1934 uliwachukua watoto 1,000 wa miaka 11 jijini New York. 611 walikuwa wameshatolewa mafindofindo. Wale 389 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 watolewe. Waliosalimika wakapelekwa kwa madaktari wengine, wasioambiwa kitu: 99 tena. Duru ya tatu: 51. Mwisho wakabaki watoto 65 ambao hakuna aliyewatamani. Walewale waliopitishwa kuwa wazima na madaktari wa kwanza, kwa waliofuata walikuwa wagonjwa. Kati ya bibi anayeona kila kimeo kirefu na daktari wa enzi hizo aliyeona kila findo bovu, sioni umbali mkubwa.

Baadaye wakaweka mipaka. Kipimo kinachotumiwa sana leo ni koo kuuma hasa, si kuwasha, mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Chini ya hapo, subira. Sababu nyingine kubwa ni usingizi: mtoto anayekoroma kama injini ya boti, anakata pumzi, anashtuka, anaanza upya. Na kwa watoto wa namna hii baadhi ya wapasuaji, Sweden wakiwa mstari wa mbele, wamerudia kupunguza badala ya kutoa: wanachonga findo, wanaacha ganda likinge misuli, maumivu na damu vinapungua. Miaka karibu mia mbili baada ya gilotini, kitenzi kimerudi palepale, sasa kwa sababu na vifaa tofauti.

Basi bibi yangu wa daladala, mjukuu wako hakukatwa kimeo. Katolewa mafindofindo, na kama ni "kupunguzwa" karatasi yake ya hospitali itasema. Mwachamishe mchana kwenye mwanga: pembeni utaona utando mweupe pande mbili, usiusugue, si usaha, ni kidonda kinapona. Akitema damu, hata kama ni wiki moja baadaye, mrudishe hospitali papo hapo. Na pale katikati utakiona kidakatonge chake kimening'inia, kizima, hakijaguswa na mtu.